Mlima Elgon Hausomwi Darasani Pekee: Twende Juu Tukayatafute Majina

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli mahali pengi, ila sidhani kwamba aliyeitunga aliwahi kuishi Kwanza, Kitale, Kimilili au Bungoma. Sisi wa pande hizi tuna macho, na mbele ya macho hayo umetanda mlima ambao kitako chake kina upana wa kilomita zipatazo 80. Tunaamka nao, tunalala nao, na mawingu yake ndiyo yanayotuambia iwapo tuanike mahindi au tuyafunike. Hata hivyo, hebu mwulize mwanafunzi wa shule ya upili habari za milima. Atakujibu bila kusita kwamba Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199. Akiwa hodari ataongeza kwamba Elgon una mita 4,321. Mwulize sasa kuna nini huko juu, mto upitao karibu na shule yake unaanzia wapi, na maziwa madogo yaliyo chini ya vilele yanaitwaje. Hapo atanyamaza. Na mwalimu wake, tuseme ukweli, aghalabu atanyamaza pamoja naye.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ninafundisha isimu katika chuo kikuu, na katika taaluma hiyo jina la mahali si pambo. Jina ni ushahidi kwamba mtu alifika, akatazama, akapatofautisha mahali hapo na pengine, kisha akaona haja ya kumweleza mwenzake. Mahali pasipotajwa huhesabiwa kuwa patupu, na patupu hapana mtetezi. Dai langu kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi ni hili: tuupande mlima wetu, tuutembee ukingoni siku kadhaa, tuyakusanye majina yake kutoka kwa wanaoyajua, na tukipe Kiswahili maneno ya kuuelezea. Tusipofanya hivyo katika kizazi hiki, hakutakuwa na wa kuulizwa katika kizazi kijacho.

Kiswahili ni mwana wa pwani, nasi hatuna sababu ya kuionea haya asili yake. Dira yenyewe ya lugha hii imechorwa na upepo wa bahari. Kaskazini imetokana na kaskazi, upepo uvumao takriban kutoka Desemba hadi Machi. Kusini imetokana na kusi, upepo unaoufuata. Baharia wa Lamu ana neno kwa kila hali ya maji na ufuo: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu, ghuba, hori, mwamba na fungu. Lakini mpandishe baharia huyo hadi mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, umwombe akueleze anachokiona, nawe utamwona akipapasa. Anayo maneno mlima, kilele, bonde, genge, jabali na korongo. Hana neno moja la uwanda mpana wa nyasi na baridi ulio juu ya msitu na chini ya mawe. Hana neno la ziwa dogo lililochimbwa na barafu katika mwamba. Kwa hiyo vitabu vyetu vya jiografia hukimbilia Kiingereza, na mwanafunzi huyakariri maneno ya Kiingereza kama mtu anayekariri dua ya lugha asiyoijua.

Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Kimekwisha kufanya hivyo zamani. Tazameni neno mtarakwa, jina la mti ule wenye harufu nzuri tunaoutumia kwa nguzo za ua. Mti huo hauoti ufuoni. Wakalenjin huuita tarakwet, Wamaasai oltarakwai, Wakikuyu mutarakwa. Kiswahili kilipopanda nyanda za juu kilikutana na mti kisioujua, kikawauliza wenyeji, kikalipokea neno lao na kuliingiza katika ngeli ya miti. Hiyo ndiyo njia ya heshima ya lugha kukua: kubisha hodi kwa wenyeji kabla ya kuagiza neno kutoka ng'ambo.

Mnamo Desemba iliyopita niliungana na walimu wachache na wanafunzi kadhaa kutoka Kwanza na Kimilili, tukaupanda mlima huo kwa siku nne. Tulikuwa na idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, askari wawili wa shirika hilo, na mzee mmoja wa Kisabaoti aliyekubali kutuongoza. Kila mmoja alibeba shanta yake mgongoni: hema, blanketi nzito, koti la mvua, unga, chai, sukari, na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani. Nitaeleza hayo maharagwe baadaye, kwani yalikuwa somo.

Tuliingia kupitia lango la Chorlim, upande wa Endebess, ambako hadi uchaguzi wa 2013 kulikuwa sehemu ya jimbo la Kwanza. Hifadhi ya taifa ya upande wa Kenya ilianzishwa mwaka 1968, na eneo lake ni kilomita za mraba 169 tu. Sehemu kubwa ya mlima wetu imo nje yake. Msitu wa chini ni wa mitarakwa na mipodo mikubwa, na ndani yake yamo mapango ambayo dunia nzima huyasikia kuliko sisi tulio karibu. Pango la Kitum hupenya mlimani kwa kadiri ya mita 200. Ndovu huingia humo gizani kufukua chumvi kwa pembe zao, na alama za pembe hizo zimebaki ukutani. Tulilitazama kutoka mlangoni tu, na kwa sababu ya kutosha: watu wawili waliougua homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamelizuru pango hilo. Mwalimu wa biolojia aliyekuwa nasi alipata hapo kipindi kizima bila chaki wala ubao.

Gari lilituacha mwisho wa barabara, kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 3,500. Hapo msitu na mianzi vilikuwa nyuma yetu. Mbele yetu kulikuwa na uwanda ule nilioutaja, usio na jina katika kamusi zetu. Nyasi zake huota kwa mashungi, na katikati ya mashungi hayo maji hutulia kama ndani ya sifongo. Mimea mikubwa ya senesio husimama kama watu waliojitanda mashuka, kwa kuwa haiangushi majani yaliyokufa. Huyaacha yauzunguke mwili kama koti, na usiku hukunja majani mabichi ili kuukinga moyo wa mmea na baridi. Wanafunzi waliuliza mmea huo huitwaje kwa Kiswahili. Niliwajibu kwamba bado tunaazima jina la wanabotania.

Mzee wetu hakuwa na shida ya namna hiyo. Kwake na kwa wenzake, nchi hugawanyika kwa baridi na joto. Mosop ni nchi ya juu, ya baridi na nyasi. Soi ni nchi ya chini, ya joto na vumbi. Neno moja linabeba mwinuko, hali ya hewa, aina ya malisho na hata desturi za watu wakaao huko. Maneno hayo mawili wanafunzi wengi wanayajua bila kujua kwamba wanayajua: kuna jimbo la Mosop huko Nandi, na kuna Soy huko Uasin Gishu. Wamekuwa wakiyasoma kama majina matupu ya ramani, kumbe ni maelezo ya nchi. Ama mlima wenyewe, yeye hauiti Elgon. Huuita Tulwop Kony, yaani mlima wa Wakony. Wabukusu, kama ndugu zao Wagisu wa Uganda, huuita Masaba. Elgon ni jina lililotufikia kupitia kinywa cha Wamaasai na kalamu ya Wazungu.

Siku ya pili tulikwea Koitobos, kilele chenye mita 4,222. Koita kwa Kikalenjin ni jiwe, na mtu akifika pale haulizi tena sehemu ya kwanza ya jina ilitoka wapi: kilele hicho ni meza ya nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa wima kana kwamba zilipangwa na fundi. Kutoka hapo mtu huiona sura halisi ya mlima. Elgon ni volkano iliyozimika, miongoni mwa volkano kongwe zaidi katika Afrika Mashariki, na juu yake haina ncha bali bakuli, kaldera yenye upana wa kilomita zipatazo 8. Vilele tunavyovisikia, yaani Koitobos upande wa mashariki, Sudek juu ya mpaka, na Wagagai ulio mrefu kuliko vyote upande wa Uganda, ni meno yaliyosimama kwenye mdomo wa bakuli hilo. Kutembea ukingoni maana yake ni kutembea juu ya mdomo huo, kaldera mkono mmoja na nchi za watu mkono wa pili.

Hapo ndipo wanafunzi walipoelewa jambo ambalo ramani ya darasani haikuwafikishia. Mvua ikinyesha ndani ya bakuli huingia mto Suam, ambao hutoka kwa korongo la upande wa mashariki penye chemchemi za maji moto, hufuata mpaka wa Kenya na Uganda, kisha hubadili jina na kuitwa Turkwel. Maji hayo hupita katika bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, huko yakazungusha mitambo ya umeme, na mwisho huishia katika Ziwa Turkana, ambalo halina njia ya kutokea. Mvua ikinyesha hatua chache tu upande wa nje, kusini na mashariki, huingia vijito vya mito kama Koitobos, huungana na Nzoia, hupita maporomoko ya Webuye, huteremka hadi Budalangi na kuingia Ziwa Viktoria, na kutoka hapo huufuata Nile hadi bahari ya Mediterania. Mwanafunzi mmoja wa kike alisimama akaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, akasema kwamba mguu wake wa kushoto uko Turkana na wa kulia uko Misri. Sijapata kusikia muhtasari wa jiografia ulio bora kuliko huo.

Usiku ule baridi ilikuwa kali mno. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tuliokuwa tumeacha jua la Kitale tulijikuta katika umande ulioganda juu ya mahema. Maji ya chai yalichemka upesi, lakini hayakuwa moto kama ya nyumbani, kwa sababu kadiri ya mita 4,000 shinikizo la hewa ni kama sehemu 6 kwa 10 za lile la pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100. Maharagwe mabichi yangekesha jikoni bila kuiva. Ndiyo maana yetu yalipikwa nyumbani. Hewa hiyo haba ndiyo inayoleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa wanaopanda kwa haraka, na dawa yake ya kwanza ni kupumzika, na hali ikizidi, kuteremka bila ubishi. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba hakuna kilele kinachomshinda mtoto thamani.

Siku ya tatu tuliufuata ukingo kuelekea kusini na magharibi, tukipanda na kuteremka, mahali pengine bila njia yoyote ila kumbukumbu ya mzee. Alasiri tuliliona ziwa dogo tulilolikusudia. Limekaa katika kikombe cha mwamba chini ya kilele cha ukingo wa kusini, kimya, maji yake meusi kwa kivuli na safi unapoyateka kwa mkono. Kikombe hicho si kazi ya moto wa volkano. Ni kazi ya barafu, ambayo katika zama za kale ilivifunika vilele vya Elgon kama inavyovifunika vya Kilimanjaro leo, ikakwangua mwamba na kuacha mashimo. Barafu ilipotoweka, maji yalirithi kiti chake. Kiswahili kina bahati hapa, kwani neno ziwa kwetu ni la maji na pia ni titi la mama. Yeyote aliyesimama pale na kuzifikiria nchi zinazonyonya chini yake hatahitaji kufafanuliwa uhusiano wa maana hizo mbili.

Sasa tazameni ramani. Ziwa hilo limeandikwa kwa Kiingereza, kwa maneno yasemayo tu kwamba ni kiziwa cha Elgon ya chini. Lingine, upande wa Uganda, limepewa jina la Jackson, pamoja na kilele kilicho juu yake. Frederick Jackson alipita mlimani hapa na Ernest Gedge mwaka 1890, na baadaye akawa gavana wa Uganda. Sina ugomvi na marehemu huyo. Alifika, na kufika ni historia. Lakini alifika akiwakuta watu. Joseph Thomson, aliyetangulia mwaka 1883, aliyakuta mapango ya mlima yakikaliwa na wenyeji na mifugo yao. Ni muhali kuamini kwamba watu waliolisha ng'ombe katika nyanda hizi kwa vizazi na vizazi waliyanywesha maji yasiyo na jina. Vilele vikubwa viliponea: Wagagai, Mubiyi, Sudek na Koitobos bado vinasema lugha za mlimani. Maziwa hayakuponea, kwa kuwa mchora ramani aliyatazama kwa darubini kutoka mbali na hakumwuliza mchungaji.

Mzee wetu alitupa majina aliyoyapokea kwa babake, ya ziwa lile na ya vijito vitatu. Tuliyaandika daftarini pamoja na matamshi yake. Siyachapi hapa, kwa kuwa ni haki ya wazee wengine kuulizwa kwanza, na jina la mahali haliwi la hakika kwa kinywa kimoja. Jambo ninaloweza kulieleza ni sura za wanafunzi alipokuwa akiyataja. Watatu kati yao ni Wasabaoti waliozaliwa na kulelewa mjini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuyasikia. Mzee huyo anakaribia miaka themanini. Hesabu yake haihitaji mwalimu wa hisabati.

Siku ya nne tuliteremka kupitia Chepkitale hadi Kaberwa na Kapsokwony. Chepkitale ndiko ninakotaka tusimame kidogo, kwa maana huko ndiko hoja yangu inakotoka darasani na kuingia mahakamani. Ni uwanda wa mosop hasa, makao ya Waogiek wa Mlima Elgon. Mwaka 2000 uligeuzwa hifadhi ya wanyamapori kwa tangazo la serikali, na waliokuwa wakiishi humo wakahesabiwa kuwa wavamizi katika nchi ya mababu zao. Ilichukua miaka mingi ya kesi hadi Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilipoamua kwa upande wao na kuitambua ardhi hiyo kuwa ya jamii. Sitajifanya mwanasheria. Nasema tu kama mwanaisimu kwamba ni rahisi kuchora mstari juu ya nchi ambayo lugha ya ofisini haina neno lake. Anayeuita uwanda ule msitu hukosea, kwa sababu hauna miti. Anayeuita pori hukosea zaidi, kwa sababu una wenyewe. Anayeuita mosop ameshakiri kwamba kuna watu waliopajua kabla yake.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Katika mlima huu majina yamewahi kunolewa kama mapanga. Kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la wanamgambo. Mamia ya watu waliuawa, maelfu wakahama, na Machi 2008 jeshi likaletwa, nalo likaacha malalamiko yake. Je, kuwatuma watoto kukusanya majina ya kikabila si kuchokonoa kidonda? Jawabu langu ni kwamba jina si hatimiliki. Jina huthibitisha kwamba fulani alipita hapa. Halithibitishi kwamba mwingine hakupita. Masaba na Tulwop Kony ni mlima mmoja, na aliyejifunza majina yote mawili hajapoteza ekari hata moja. Hatari haiko katika kujua majina ya pande zote. Hatari iko katika kila upande kujua la kwake peke yake na kudhani la jirani limebuniwa jana. Jina Bungoma lenyewe husemwa kuwa limetokana na Wabong'om, jamaa ya Wasabaoti, ilhali wengi wa wakazi wa kaunti hiyo leo ni Wabukusu. Mtoto akifundishwa hilo mapema, hataona ajabu kuishi na jirani ambaye jina lake limo katika anwani yake.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi ya Kiswahili ni kuunganisha taifa, na kwamba kukijaza maneno ya mlimani ni kukifanya cha kikabila. Hao nawakumbusha mtarakwa. Hakuna Mswahili aliyegeuka Mkalenjin kwa kulitamka neno hilo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaipa dola wajibu wa kulinda na kukuza lugha za wenyeji. Waliotunga kifungu hicho hawakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Mimi pia siuoni. Kwa hiyo napendekeza waziwazi kwamba uwanda wa baridi ulio juu ya msitu uitwe kwa Kiswahili mosopu, na watakaoupinga ubunifu huo walete neno lililo bora. Mjadala wenyewe utakuwa faida.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila shule ya Trans Nzoia na Bungoma iwe na daftari la majina ya mahali. Liwe na safu za jina lenyewe, lugha yake, maana kama inajulikana, kilichopo mahali hapo, na mwezi ulipoandikwa. Jina la msimulizi liandikwe kwa ridhaa yake tu. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe majina yote mawili. Kazi ya mwanafunzi ni kuandika, si kuhukumu. Pili, walimu wa Kiswahili waache kuwapa watoto insha za mandhari ya pwani ambayo hawajaiona, wakati mandhari ya kwao yanawachungulia dirishani. Mwambie mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili safi namna mto Koitobos unavyoshuka hadi Nzoia, naye atagundua mwenyewe ni maneno gani yanayompungukia. Tatu, shule zishirikiane katika safari. Si lazima wote wafike ukingoni. Hata kutwa moja chini ya msitu pamoja na mzee mmoja inatosha kuanza. Watakaokwenda juu waende katika miezi mikavu, Desemba hadi Machi, kwa idhini, na askari na mwenyeji anayeijua njia, na kila mtoto awe na nguo za kutosha, kwani baridi ya huko haijali bidii ya mtu.

Nne, na hili nawaachia wanafunzi wa vyuo: msingoje fedha za utafiti. Lugha za Mlima Elgon, yaani Kisabaoti na matawi yake, Kibukusu, na Kimasaba cha upande wa pili wa mpaka, zina maneno ya maji, mawe, ukungu na malisho ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Tasnifu moja juu ya msamiati wa mwinuko itakuwa na faida kuliko tasnifu kumi zinazorudia mambo ambayo wengine wamekwisha kuyasema juu ya ngeli. Yeyote atakayeianza atapata kwangu kikombe cha chai na usomaji wa makini.

Ninaandika haya mwalimu kwa walimu, nikijua uzito wa madaftari mliyo nayo mezani na uchache wa saa zenu. Hata hivyo kazi ya kwanza haihitaji nauli wala shanta. Jioni hii, mwanafunzi anayesoma ukurasa huu amwendee babu au bibi yake, hata kama ni wa jirani, amwulize: mto ule uliitwaje kabla haujawekwa daraja, na unatoka wapi? Aandike jibu, aandike na tarehe. Kesho amwonyeshe mwalimu wake.